Njoo Uhesabu

Barua ya kwanza ya Mama Nkuba ilikuwa na mistari minne, na aliiandika kwa siku tatu. Najua kwa sababu aliiandikia kwenye meza yetu, nyumbani kwetu Rujewa, huku mimi namenya viazi na kujifanya sitazami. Baba yangu, Mwalimu Asukile, ndiye aliyekuwa akifundisha kisomo cha watu wazima pale kijijini. Katika wanafunzi wake arobaini, Mama Nkuba peke yake hakuwahi kukosa hata siku moja.

Barua yenyewe ilisema hivi: "Ndugu Mhariri. Mimi ni Nyamizi Budeba wa Rujewa. Kisomo chetu kinaanza saa nane na saa nane wanawake tuko shambani. Kianze saa kumi."

Baba alitaka aongeze salamu kidogo, habari za afya, na matumaini kwamba mhariri naye ni mzima. Mama Nkuba akakataa.

"Mwalimu, si nimeshasema? Nikianza kumuuliza afya yake atasahau nilichotaka."

Gazeti lilikuwa linaitwa Nuru ya Nyanda. Lilichapwa Iringa mara moja kwa mwezi, likaletwa kwenye vijiji vya Iringa na Mbeya kwa ajili ya watu waliojifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo herufi zake zilikuwa nene kama punje za mahindi. Mbele kulikuwa na habari za mbolea. Katikati kulikuwa na habari za kuchimba choo. Lakini sijamwona mtu hata mmoja aliyeanzia mbele. Wote walianzia nyuma, kwenye ukurasa wa "Wasomaji Wanasema", hata baba, ambaye aliwaambia wanafunzi wake waanzie kwenye mbolea.

Barua ile ilitoka mwezi wa pili, mwaka sabini na nne. Mama Nkuba aliweka kidole juu ya jina lake akakiacha hapo mpaka wengine wakamaliza kusoma ukurasa mzima. Halafu kikatokea kitu ambacho hata baba hakukitegemea. Baada ya wiki mbili alikuja mtu na pikipiki kutoka makao ya wilaya, akasema kisomo cha Rujewa sasa kitaanza saa kumi. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Nkuba hakupiga. Alikuwa anaitazama ile kalamu yake kama mtu aliyeshika kitu kinachouma.

Inafaa niseme kidogo alikuwa nani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka kama thelathini na tano, Msukuma. Yeye na mumewe Budeba walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao miaka sita kabla, wakajenga pembeni mwa mbuga, mbali na nyumba za wenyeji. Watu wa pale hawakuwaita kwa majina. Waliwaita "wale wa ng'ombe". Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga, ni wale wa ng'ombe. Mfereji ukichafuka, ni wale wa ng'ombe, hata kama siku hiyo ng'ombe wako maili saba. Nadhani kabla ya gazeti hakuna mtu Rujewa, ukimtoa baba, aliyejua kwamba anaitwa Nyamizi.

Mumewe hakujua kusoma wala hakutaka kujifunza. Alisema macho yake yamezoea vitu vinavyotembea. Lakini alimnunulia mkewe kandili jipya na daftari la kurasa tisini na sita, na kila mwisho wa mwezi alikuwa analifuata gazeti mwenyewe kwenye ofisi ya ushirika. Akilipata, analipeleka mnadani. Pale anamsimamisha yeyote anayejua kusoma.

"Nisomee hapa nyuma. Huyu ni mama wa nyumbani kwangu. Leo ameiambia nini serikali?"

Watu walicheka, ila walisoma. Na Budeba alisimama pale na fimbo yake mabegani, mikono ameining'iniza juu yake, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Baada ya hapo Mama Nkuba hakukamatika. Aliandika juu ya benchi la zahanati lililovunjika mguu. Aliandika juu ya chumvi ya ng'ombe kupotea madukani. Aliuliza kwa nini wanawake wote wanaochorwa gazetini wamevaa viatu. Aliandika kwamba wakunga wa jadi nao wapewe sabuni. Mambo mengine hayakubadilika hata kidogo, ila hakujali, alikuwa anaandika tu. Kufikia mwaka sabini na tano, alikuwa katika kila toleo, na baba alisema kwa kunong'ona kwamba sasa hata mbolea anaisoma ili apate la kubishia.

Lakini ukurasa ule ulikuwa na mwenyewe. Alikuwa anaitwa Sedekia Fanueli, karani mstaafu, wa Mbeya mjini. Yeye alikuwa anaandika tangu toleo la kwanza kabisa, mara nyingine barua mbili katika toleo moja. Aliandika juu ya mbwa wanaozurura, juu ya vijana wanaopiga miluzi kanisani, juu ya chai ya mahotelini kuwa nyepesi. Maneno yake yalikuwa yamepigwa pasi. Tulimjua sote bila kumwona. Tukisoma tu "Ndugu Mhariri, naomba nafasi ndogo", darasa zima linasema, "Huyo!"

Mwezi wa tano akaandika hivi: "Ndugu Mhariri, naomba nafasi ndogo niulize swali dogo. Huyu mama wa Rujewa hupika saa ngapi? Kila toleo yumo. Au mumewe siku hizi anakula gazeti?"

Nakiri kwamba nilicheka. Darasa lote lilicheka, hata baba alijifuta mdomo. Mama Nkuba hakucheka. Alisoma tena, taratibu, akifuata kwa kidole, halafu akauliza, "Huyu ananijua?"

"Hakujui, Mama Nkuba," baba akasema. "Ni utani wa magazetini."

"Mimi na yeye tuna utani gani? Yeye ni kabila gani?"

Hakuna aliyejua. Lakini mzee Kasian, ambaye alikuwa anakaa nyuma na hakuwahi kuandika hata barua moja maishani mwake, akapiga meza. "Mjibu! Usikubali! Mjibu!" Na wengine wakadakia: mjibu, mjibu. Na mimi niliyekuwa nimesimama dirishani, ambaye hata mwanafunzi wa kisomo sikuwa, nilisema mjibu. Nilitaka sana kuona atasema nini. Ndivyo nilivyokuwa, na bado nipo hivyo. Nikisikia watu wawili wanagombana, miguu yangu inakwenda yenyewe.

Akajibu. "Mume wangu anakula ugali na maziwa ya mgando na anashiba. Ndugu Sedekia anakula nini? Maana naye kila toleo yumo, na habari za mke wake hatujazisikia."

Toleo hilo lilipofika, mzee Kasian alilisoma kwa sauti mara tatu. Watu waliokuwa hawajawahi kulipia gazeti walilipia. Hata wenyeji waliokuwa wanasema "wale wa ng'ombe" sasa walimpigia Mama Nkuba kelele kutoka ng'ambo ya mfereji: "Mama! Umempata! Umempata barabara!" Na mhariri, kule Iringa, nadhani naye aliona gazeti linaisha mapema, kwa sababu tangu hapo barua zao aliziweka juu kabisa, moja kando ya nyingine, na vichwa vya habari alivyovitunga mwenyewe.

Sedekia alichelewa mwezi mmoja. Alipojibu, zile pasi zilikuwa zimetoka kwenye maneno yake.

"Naambiwa habari za mke wangu hazijasikika. Sawa. Basi tusikie za mume wa mama huyu. Hawa wamekuja huku kwetu Usangu na fimbo na blanketi moja. Hana ng'ombe. Hana hata mkia wa ng'ombe. Anachunga mali za watu kama mtoto mdogo, halafu mkewe anatufundisha sisi maisha."

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua siku ile, na ambalo Sedekia hakulijua pia, alirusha tu jiwe gizani. Zizi la Budeba lilikuwa limejaa. Lakini kwao, ng'ombe wanaolala zizi moja huwa si wa mtu mmoja. Mtu anaweka kumi kwa shemeji yake, ishirini kwa rafiki, watano kwa mjomba, ili ugonjwa au wezi wakija wasiwamalize wote kwa siku moja. Anayewatunza anakunywa maziwa na kulimia maksai, na ndama mmoja mmoja anapewa kama asante. Hakuna karatasi. Hakuna shahidi. Na hakuna anayetaja idadi kwa sauti, mwenye zizi wala mgeni. Ukiuliza, unajibiwa "wapo wapo tu." Anayepewa ng'ombe wa watu wengi ni mtu anayeaminiwa, na anayeaminiwa ndiye tajiri, hata kama walio wake kabisa hawafiki thelathini. Budeba alikuwa tajiri wa namna hiyo. Zizi lililojaa ndilo lililokuwa jina lake.

Kwa hiyo Sedekia alipoandika "mali za watu", alifikiri anatukana. Mama Nkuba alifikiri kuna mtu amemwambia Sedekia siri ya nyumba yake.

Safari hii barua haikuchukua siku tatu. Aliandika jioni moja, pale pale mezani kwetu, bila kufuta, kalamu inatoboa karatasi. Kwa kawaida alikuwa akimsomea mumewe barua kabla ya kuipeleka posta. Hii hakumsomea. Mimi niliisoma juu ya bega lake. Ilisema:

"Ndugu Sedekia. Mume wangu ana ng'ombe mia moja arobaini na tatu. Ni wake. Njoo uhesabu."

Nilisema, "Lo, Mama Nkuba! Hapo hana pa kutokea."

Alikunja barua. "Hana," akasema. Alikuwa anatabasamu, nami nilitabasamu naye.

Gazeti lilifika Jumamosi ya mnada, mwezi wa tisa. Mimi na baba tulikuwa pale kununua kitambaa cha sare, kwa sababu nilikuwa nategemea kuchaguliwa kidato cha kwanza. Nilimwona Budeba akitokea upande wa ushirika, gazeti amelikunja kwapani, amevaa koti lake la kahawia juu ya shuka la lubega. Alikwenda moja kwa moja kwa Faustin, mnunuzi wa ngozi, ambaye alikuwa na sauti ya kusomea.

"Nisomee hapa nyuma, Faustin. Mama wa nyumbani kwangu leo anasemaje?"

Watu walishajua. Walisogea wenyewe, wakiwemo wafugaji sita au saba waliotoka mbali. Faustin akafungua, akakohoa kama mchungaji wa kanisa.

"Kichwa cha habari! Mama wa Rujewa amwambia Sedekia: Njoo uhesabu!"

Watu wakacheka. Budeba akacheka.

"Ndugu Sedekia. Mume wangu ana ng'ombe mia moja arobaini na tatu. Ni wake."

Wenyeji walipiga makofi. Walikuwa wanapiga makofi peke yao. Wale wafugaji walikuwa kimya, na kimya chao kiliwafikia wengine mmoja mmoja mpaka makofi yakafa. Mimi sikuelewa. Nilimwangalia baba, naye alikuwa anamwangalia Budeba. Budeba alikuwa bado ana ule mdomo wa kucheka, ila macho hayakuwemo.

Alitoka mtu mmoja mnene, amevaa kofia ya manyoya. Baadaye niliambiwa anaitwa Ngolo, wa Madibira, rafiki wa Budeba tangu utotoni.

"Budeba," akasema, wala hakupaza sauti. "Za kwangu ziko wapi humo?"

"Zipo, Ngolo. Unajua zipo. Juzi si umeziona?"

"Nimeziona zizini. Nauliza humo kwenye karatasi, ziko wapi?"

"Hayo ni maneno ya mwanamke, alikuwa anagombana na mtu."

"Faustin, soma tena pale mwisho."

"Jamani..."

"Soma."

Faustin akasoma, sasa bila kikohozi. "Ni wake."

Ngolo akamtazama mwenzake. "Wewe una karatasi inasema ni zako. Imechapwa. Imekwenda Iringa, imekwenda Mbeya, imekwenda mpaka huko Njombe. Mimi nina karatasi gani?"

Nimefikiri mara nyingi tangu siku ile Budeba angejibu nini. Kusema "ni zako" mbele ya mnada mzima ingekuwa kusema mke wake mwongo na yeye mchunga mali za watu, kama Sedekia alivyosema. Kunyamaza ilikuwa kusema ni mwizi. Alimnyang'anya Faustin gazeti, akalikunja vizuri, akaondoka bila kununua chochote.

Jumatatu asubuhi Ngolo alikuja na vijana wawili, akatoa ng'ombe wake thelathini na mmoja. Jumatano alikuja mwingine. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyeshika rungu. Walikuja, walisalimia, walikunywa maziwa waliyopewa, wakawaita ng'ombe wao kwa majina, na ng'ombe wakatoka. Habari ilifika hata kaskazini. Shija, kaka yake Budeba mwenyewe, alisafiri siku tano kuja kuchukua kumi na saba. Huyo ndiye aliyemuumiza. Kwa wengine Budeba alisimama mlangoni mwa zizi, lakini kwa Shija aliingia ndani ya nyumba akakaa.

Kufikia mwisho wa mwezi wa kumi zizi lilikuwa na ng'ombe ishirini na wawili. Zizi kubwa lenye ng'ombe ishirini na wawili ni kitu kibaya kutazama.

Mama Nkuba alikuja kwetu mchana, akaketi, akaandika. Hakuniita nisome, na safari hii nilisubiri mpaka akanisogezea mwenyewe. "Ndugu Mhariri. Niliandika uongo. Ng'ombe si wa mume wangu, ni wa watu waliomwamini. Hakuiba. Mwenye kosa ni mimi."

"Itasaidia, mwalimu?" akamuuliza baba.

"Inaweza kusaidia," baba akasema. "Lakini mwonyeshe Baba Nkuba kwanza."

Alikwenda kumwonyesha, na nilikwenda naye kwa sababu baba alitaka awe na mtu. Aliisoma amesimama, mumewe amekaa juu ya kigogo anasuka kamba. Alipomaliza, Budeba aliendelea kusuka.

"Utaipeleka?"

"Ukisema nipeleke, Baba Nkuba."

"Wakisoma si zangu, mimi nitakuwa nani?"

"Watajua hukuiba."

"Mwizi anaogopwa kidogo," akasema. "Leo wananipisha njiani. Ukiwaambia sikuwa na kitu tangu mwanzo, watoto wao watanizomea. Usiandike. Usiandike hiyo, wala nyingine. Yule mtu alisema ninachunga mali za watu. Acha abaki hana hakika."

Ndilo neno pekee nililomsikia akimwambia juu ya jambo lile. Hakumpiga. Hakumfukuza. Watu wa Rujewa waliona ajabu, wakasema yule bwana mpole. Mimi nilimwona Mama Nkuba akimsogezea maji ya kunawa na mumewe akinawa bila kumtazama, siku baada ya siku, na sijui kama huo ulikuwa upole. Ile barua Mama Nkuba aliichana vipande akaviweka jikoni motoni. Kisomoni hakuja tena.

Lakini ukurasa uliendelea. Mwezi wa kumi Sedekia aliandika kwamba hana nauli ya kuja kuhesabu. Mwezi wa kumi na moja akaandika: "Mama wa Rujewa mbona kimya? Ng'ombe wamekula kalamu?" Kule kisomoni mzee Kasian alilalamika kwamba gazeti limepoa. Alisema hivyo hivyo, limepoa, kama chai, huku anatazama mlangoni kama ataingia mtu wa kulipasha tena.

Mwezi wa kumi na mbili baba aliitwa Mbeya kwenye semina ya walimu, akanichukua. Tulipanda lori la mpunga. Njia nzima nilikuwa napanga nitakalomwambia Sedekia Fanueli. Sikumwambia baba. Alipoingia semina nilikwenda posta nikauliza, na karani wa posta hakuhitaji hata kufikiri. "Mzee wa barua? Panda hapo juu, nyumba yenye mti wa plamu. Mwambie stempu zake zimefika."

Nilitegemea jitu. Nilikuta mzee mfupi, sweta limetoboka kiwikoni, anapepeta maharage mwenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Nimetoka Rujewa."

Akaacha ungo. Uso wake wote ulifunguka. "Rujewa! Kwa mama yangu Nyamizi! Karibu, karibu ndani. Hajambo? Anaumwa? Mbona haandiki?"

Akanikalisha. Akaenda kuchemsha chai mwenyewe, na nilipotazama huku na huku niliona nyumba ya mtu anayeishi peke yake: kikombe kimoja, kiti kimoja chenye mto, na ukutani picha ya mwanamke mwenye kitambaa cha kwaya, chini yake tarehe mbili. Ya pili ilikuwa ya mwaka sabini na nne, mwezi wa nne. Ndiyo maana alichelewa mwezi mmoja kujibu ile habari ya mkewe. Nilikuwa nimeleta hasira kutoka Rujewa, na sasa sikujua niiweke wapi.

"Yule mama ana maneno!" alisema akirudi na chai. "Tangu nistaafu sijapata mtu wa kubishana naye namna ile. Siku gazeti linapofika nalala nalo. Mwambie nilikuwa namchokoza tu. Alinigusa pabaya mara moja, nami nikamgusa. Mambo ya gazetini hayo."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kunywa chai nikaondoka. Lakini nilitaka ajue. Nilitaka kuona uso wake akijua, huo ndio ukweli. Nikamweleza yote: Ngolo, Shija, zizi, ng'ombe ishirini na wawili, barua iliyochomwa. Na uso niliuona. Alikaa kwenye kile kiti akawa mdogo kuliko mto wake. Machozi yalimtoka bila sauti.

Halafu akanyanyuka, akavuta droo, akatoa karatasi.

"Nitalirekebisha."

"Babu, usiandike. Mwenyewe amekataza."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeharibu. Nitaandika vizuri. Nitamwomba radhi mbele ya watu wote."

"Usiandike, tafadhali. Nimekwambia wewe tu."

"Nitaandika vizuri," akasema, na kalamu ilikuwa imeshaanza.

Aliandika vizuri. Hilo siwezi kulikanusha. Ilitoka mwezi wa kwanza mwaka sabini na sita, juu kabisa ya ukurasa, kichwa chake "Sedekia atubu". Alimsifu Mama Nkuba kwamba ndiye mwandishi hodari kuliko wote wa Nyanda za Juu. Aliomba radhi kwa Budeba kwa jina. Akaeleza kwamba ng'ombe wale hawakuwa wa Budeba kamwe, walikuwa wa watu waliomwamini, na kwamba sasa maskini amebakiwa na ishirini na wawili, na akawasihi wenye ng'ombe wawarudishe. Mzee Kasian alilisomea darasa la kisomo barua hiyo. Mwanamke mmoja alilia. Wakasema ni barua nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka.

Hakuna aliyerudisha ng'ombe. Mnada uliofuata, Budeba alipopita, watoto walimfuata nyuma wakiimba, "Njoo uhesabu! Njoo uhesabu!" Wakubwa waliwakataza, ila walikataza huku wanacheka. Hakuna aliyempisha njia.

Wiki ile ile walibomoa nyumba. Nilisikia wanakwenda Rukwa, ambako hawana ndugu wala mtu anayewajua. Nilikwenda mbio nikawakuta wameshafunga mizigo juu ya punda, Budeba yuko mbele na ng'ombe, watoto wao wanamfuata. Mama Nkuba alikuwa wa mwisho, anafukia majivu ya jiko kwa mguu.

"Shikamoo, Mama Nkuba."

"Marahaba." Aliendelea kufukia. Halafu akasema, "Ile ishirini na mbili. Yule mzee aliijuaje?"

Ningeweza kusema sijui. Kule mbele mumewe alikuwa anapiga mluzi wa kuwaita ng'ombe, na hakuwa anageuka nyuma.

"Nilimwambia mimi," nikasema.

Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepata jibu la swali dogo, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuwafuata ng'ombe.